Sahani ya Mkono Mmoja

Siku hizi kila anayetumia dawa za kufubaza VVU ana unga wake, uliochanganywa kwa kipimo cha damu yake, na sahani inayoutambua mkono wake. Mkono wa mwingine ukigusa, sahani inapiga filimbi na kliniki inajua.

Unga umenisaidia. Sukari imeshuka, mafuta kwenye damu yamepungua, mashavu yangu yamerudi. Lakini mimi na mume wangu, Shebughe, tulikula sahani moja kwa miaka ishirini, na tonge la mwisho alikuwa akinilisha yeye.

Jana nililiacha.

"Tabia, bado tonge moja," sahani ilisema. "Unaumwa?"

"Maliza, mke wangu," Shebughe alisema. "Ukibakiza, watakuhamishia kliniki, uwe unakula hukohuko."

"Sina hamu nalo. Halina mkono wako."

"Mkono wangu utakuponza, mama. Kula."

Alikuwa amenawa pamoja nami, kama kila siku, ingawa yeye alishakula. Nikalichukua tonge. Nilipolipeleka mdomoni, naye akafungua mdomo wake, kama mzazi anayelisha mtoto, akaufunga nilipofunga wangu, akameza.

"Hongera, Tabia," sahani ikasema. "Umekula peke yako."