Ukuta wa Wanawake

Winfrida alikuwa ameshainua kijiko cha katapila avunje ukuta wa kale, barabara mpya ya mlimani Tarime ipite, alipomwona bibi kizee ameketi juu ya mawe.

Akashuka. "Shikamoo, bibi. Naomba unipishe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wanaume walipokwenda vitani, bibi zetu waliujenga ukuta huu jiwe kwa jiwe, watoto mgongoni, ili maadui wasiingie. Hebu gusa hapo."

Palikuwa na tundu. Winfrida akavua glavu, akapitisha vidole. Kingo zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika.

"Hapo walichungulia kama waume zao wanarudi."

Winfrida akainama, akaweka jicho tunduni, akakaa hivyo kitambo. Kisha akarudi kwenye katapila, akazima injini na kumpigia simu msimamizi.

"Bosi, hapa barabara itabidi ipinde."