Bunduki ya Kilo Sita

Nyati mwenye jeraha la mtego alichomoka kwenye majani, akatuelekea mimi na mkwe wangu, askari wa wanyamapori aliyekuwa akinisindikiza kisimani.

“Mama, usikimbie. Simama nyuma yangu.”

Wenzake humwita Mzinga, kwa sababu ya bunduki yake ya kilo sita. Humtania, “Bwana Mzinga, hiyo ukiipiga mara mbili, bega linalazwa hospitali!” Hata mimi nilishamsihi achukue nyepesi, maana binti yangu ndiye anayemkanda bega kwa maji moto.

Sasa niliutazama mkono wake wa kushoto. Katikati ya vidole alikuwa amebana risasi mbili za akiba, nene kama kidole gumba changu, asije akahangaika kupapasa mfukoni. Hazikutikisika hata kidogo.

Zikabaki hatua thelathini, kisha ishirini.

“Mwanangu, piga basi!”

“Bado, mama. Hii kazi yake ni hapa karibu.”

Nyati akainamisha pembe, nikayaona matope yaliyokauka kwenye kope zake. Hapo ndipo mkwe wangu alipofyatua. Mgongo wake ukanigonga kifuani, tukayumba wote wawili, na ule mlima mweusi ukaanza kupiga magoti.