Singo ya Mwanasiti

Bi Mize, somo aliyemfunda bibi harusi Mwanasiti, aliliweka mkekani bakuli la singo, liwa iliyosagwa ya kusugua mwili, akakunja mikono ya gauni lake.

"Haya mwanangu, lala nikusugue. Kesho ung'ae."

Mwanasiti hakulala. Mchana ule mapazia yalifungwa kama siku zote, maana kwa ugonjwa aliourithi kwa baba na mama, ngozi yake haikuvumilia jua hata kidogo. Usoni alikuwa na makovu saba, kila moja mahali palipokatwa saratani.

"Somo, mie sisuguliwi. Ngozi hii ikichubuka huwaka na kuvimba, na daktari kaniambia ikiwaka, walinzi wa mwili dhidi ya maradhi husinzia. Hapo ndipo saratani huota."

"Nimesugua wari arubaini, hajafa mtu kwa liwa! Utatoka na makovu yako hayo, watu waseme nini?"

"Waseme wameniona."

Bi Mize akasonya. "Basi tafuta somo mwingine. Mie sitoi mwari asiyesingwa."

Mwanasiti alichota singo bakulini. Akaushika mkono wa Bi Mize, akaanza kuusugua polepole, toka kiwikoni hadi vidoleni.

"Ung'ae wewe, somo. Kesho usiku tutoke wote mbele ya watu, mie na makovu yangu."

"Mtoto huyu ana wazimu!" Bi Mize aliuvuta mkono mara moja, kisha akauacha usuguliwe. Mkono wake wa pili ukainuka taratibu, ukasimama karibu na kovu la shavuni, bila kuligusa.