Fimbo ya Mzee

Jirani yetu, Bibi Zwicker, anaapa kwamba siku ya kura ya kuvunja baraza, mzee niliyemhudumia alibaki kitini kwa sababu alikuwa amesinzia. "Baraza linauawa, mwenzenu anakoroma!" husema, na watu hucheka.

Hakusinzia. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake.

Gavana alimteua akae katika baraza la juu la bunge mpaka kufa kwake, lakini kwanza waziri mkuu alimwapisha kwamba siku ikifika atakubali livunjwe. Siku ikafika. Wanaokubali wasimame, wanaokataa wabaki wameketi. Magoti yake hayakuweza kumwinua bila fimbo, na fimbo ilikaa kwangu. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu kule Halifax. Baraza likivunjwa, ningerudi kwetu Lunenburg kugeuza samaki wa chumvi wanaoanikwa juani.

"Wanaokubali!"

Viti vilikwaruza sakafu. Katibu akaanza kuhesabu waliosimama.

Mzee alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Kidole chenye pete kilikuwa kimevimba.

"Binti, fimbo," alinong'ona. "Niliahidi mimi."

Niliishika kwa mikono miwili. Katibu alikuwa amefika kiti cha pili kutoka chetu.

"Mwanangu, nakuomba. Fimbo."