Kabla ya Jumamosi

Sheria ilikuwa wazi: mgombea asimpe mpiga kura kitu, hata leso, isipokuwa kwenye matanga. Huko kwenye matanga atoe apendavyo. Basi kila msimu wa kampeni ulipofika, waliotafutwa ni wagonjwa.

Bi Sidi alikuwa na mapafu mabovu, na wagombea wawili wa udiwani wakamgombania. Mmoja aliahidi kutoa, kwenye matanga yake, mabati ya nyumba nzima na karo ya wajukuu. Wa pili akaahidi hayohayo, akaongeza na tangi la maji. Kila asubuhi droni zao zilitua dirishani, zikasikiliza pumzi zake, zikaondoka kama tumbusi waliowahi mno.

Balaa ni kuwa Jumatatu Bi Sidi akaanza kupona. Kampeni zinafungwa Jumamosi, na Alhamisi yeye kamaliza bakuli zima la uji, akaomba jingine.

Mbeyu, mkaza mwanawe, alilipokea bakuli, akaenda kulijaza. Uani, mikeka ya kuazima ilikuwa imeshaanikwa. Hakuna aliyemfanyia ubaya, hasha. Dawa alipewa kwa saa zake. Ila nyumba nzima ilinuna, kama iliyotapeliwa.

Ijumaa asubuhi mwanawe, Ngumbao, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Umeamkaje, mama?"

Kifua chake kilikuwa chepesi kama cha msichana. Bi Sidi akautazama uso wa mwanawe, kisha paa la makuti linalovuja.

"Vibaya, mwanangu," akasema, akajikohoza kidogo.

Ngumbao akamshika mkono. Hakuwa amemshika mkono tangu Jumatatu.