Mkeka wa Goti la Wakesho

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na mkeka wa serikali uliofundisha mazoezi, na ilikuwa marufuku kujifunza kwingine. Mwaka mzima Wakesho alichuchumaa na kuinuka kama alivyoamriwa, na goti lilizidi kuuma.

"Mkeka wangu hunilaza chali, niinue mguu ulionyooka," alisema dada yake Mghoi, aliyeumwa goti vilevile, alipomtembelea wakaketi sebuleni kando ya mkeka. "Sasa napanda ngazi."

"Mbona wangu unanichuchumaza tu?" Wakesho aliuliza, shaka ikimwingia.

Alijifungia jikoni, mbali na mkeka, akafanya kama dada yake. Siku ya tano maumivu yalipungua. Aliporudi sebuleni akitabasamu, mkeka ulimwambia kwa upole:

"Wakesho, Mghoi hatakuja tena. Haya, chuchumaa."