Sanduku la Ulaya

Taa ya kijani iliwaka, na Fakihi akaitukana.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la kuongozea mitambo, bisibisi mkononi, na wageni walikuwa wafike adhuhuri hiyo hiyo. Sanduku lilikuwa zawadi ya marafiki wa Ulaya kwa kiwanda cha sabuni cha Chang'ombe. Fakihi ndiye pekee aliyepelekwa huko kulisomea, akarudi na koti zito la sufu ambalo alilivaa hata juani. Ndani ya sanduku mlikuwa na kadi za aina mbili. Za kupokea ndizo macho: waya kutoka kila tangi unaleta habari. Za kutoa ndizo mikono: zinawasha taa, zinaendesha pampu. Kazi yake ilikuwa kuupa kila waya nafasi yake na kulifundisha sanduku nani ni nani.

Basi waya wa tangi kubwa la mafuta ya nazi ulipogusa tu kadi ya kupokea, taa ya kijani ikasema tangi limejaa.

Uongo mtupu. Temeke nzima ilijua mafuta hayapo, na sabuni haipo, ndiyo maana watu walikuwa wakifulia majani ya mpapai. Fakihi akauchomoa waya, akaurudisha. Limejaa. Akauhamishia nafasi nyingine. Limejaa.

Akamwita meneja, Ndugu Apolinari, ambaye neno kujitegemea halikumbanduka mdomoni, wala ufunguo wa kufuli la ngazi ya tangi haukumbanduka kiunoni. Meneja aliitazama ile taa kwa muda, kisha akasema bila shaka kifaa kiliharibikia melini. Fakihi akafurahi kuungwa mkono na mkubwa. Angeweza kuligonga tangi kwa spana akasikia linavyoitika, lakini kugonga matangi ni kazi ya watu ambao hawajafika Ulaya.

"Sikiliza, Ndugu Fakihi," meneja akasema. "Mgeni akibonyeza, ziwake taa tu. Pampu usiiunge. Ikizunguka kavu itaungua, na sie hatuna nyingine. Ukifaulu, nakuombea miaka miwili Ulaya. Ukituaibisha, unarudi Masasi kubangua korosho."

Fakihi akainamia tena nyaya zake. Masasi alishaaga kwa mbwembwe, na mama yake alikwishawatangazia majirani kwamba mwanawe sasa ni wa huko huko kwa wazungu. Kurudi kungekuwa kufa huku unatazamwa.

Lakini taa tu? Hata baa za Keko zina taa za rangi. Nani amewahi kupelekwa Ulaya kwa ajili ya taa? Mgeni alitakiwa asikie ngurumo. Meneja alipogeuka kwenda kukagua ngoma na viti, Fakihi akachukua waya wa pampu, akaupa nafasi kwenye kadi ya kutoa. Tangi tupu halimwagi kitu, na pampu haifi kwa kuzunguka kavu dakika moja.

Kulikuwa na dosari moja ndogo. Sufuria kubwa la kupikia sabuni lilikuwa limepelekwa kuchomelewa tangu mwaka uliopita, kwa hiyo bomba la kutoka kwenye pampu liliishia hewani, mdomo wazi. Kamati ya sherehe ikaona si vizuri. Ikaufunika mdomo huo kwa kitambaa cha rangi za taifa, na mbele yake, mahali palipopendeza zaidi, ikaweka jukwaa.

Mgeni rasmi, mkubwa kutoka wizarani, alichelewa kama ilivyo desturi. Meneja akamtambulisha Fakihi kuwa ni mtaalamu wetu, anaomba arudi Ulaya akasome zaidi. Mgeni akajibu kwamba maombi ni mengi, yataangaliwa. Kisha akahutubia kirefu juu ya walanguzi, kupe wanaoficha bidhaa huku wananchi wakitaabika. Meneja alipiga makofi kuliko wote.

Mgeni akabonyeza kitufe kilichowekwa jukwaani. Taa nyekundu, taa ya njano. Halafu pampu ikanguruma, na vigelegele vikapaa. Fakihi akageuka kupokea tabasamu la meneja, akamkuta anakimbia kuja jukwaani, uso umempauka, akimpigia kelele azime.

Kitambaa cha taifa kikavimba, kikaruka.

Mafuta ya nazi, safi, yananukia hadi barabarani, yakampiga mgeni mgongoni na kuijaza suti yake ya Chou En-Lai mifuko yote minne. Wanawake wa kufungasha ndio waliokuwa wa kwanza kukumbuka ndoo. Fakihi alirukia jukwaa, akazima, akabaki ameinama pale pale miguuni pa wakubwa, na machoni mwake hakuona ila korosho.

Juu yake, mgeni alikuwa amemkamata meneja ukosi. Akamvuta hadi sikio likafika mdomoni.

"Apolinari," akanong'ona, "si uliniapia mgawo wetu mimi na wewe umekwisha?"

Kisha akatazama chini, akamwona Fakihi. Akamwachia meneja, akajifuta uso taratibu, akamwinua kwa mkono wake mwenyewe.

"Kijana," akasema kwa upole wa baba, "yale maombi yako ya Ulaya nimeyaangalia. Unaweza kuondoka leo jioni?"